Shajara ya Mradi: Muhula wa Kwanza wa Darasa Linaloongozwa na Mtoto, Busia

Kabla ya muhula kuanza

Kituo chetu kiko Busia, upande wa Uganda, si mbali na barabara kuu inayoelekea mpakani, katika ukumbi wa vyumba viwili tuliokabidhiwa na jamii baada ya shule kufunguliwa tena Januari 2022. Tunao watoto 34 wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, walezi wawili nikiwemo mimi, na bibi mmoja mpishi wa uji. Nyumbani watoto hawa huzungumza Kisamia, Kiteso au Kiganda, na wengi wao Kiswahili wamekipata sokoni wakiwa bado mgongoni mwa mama zao, maana biashara ya mpakani haiendi bila lugha hiyo.

Hadi mwaka jana tulifundisha kama tulivyofundishwa. Watoto waligawanywa bebi, mido na topu, yaani wadogo, wa kati na wakubwa, wakakaa kwa mistari, wakaitikia kwa pamoja na kunakili ubaoni. Mtoto wa miaka minne aliweza kuimba namba hadi 50 bila kukosea, lakini ukimtuma akuletee vikombe vitano alirudi na vitatu au vinane, kwa uso wa mtu aliyetimiza alichoagizwa. Jambo hilo lilinikosesha raha kwa miezi mingi, nalo ndilo ninaloliandikia shajara hii: kuona kama mtoto akiachiwa vitu mikononi, achague mwenyewe na arudie mwenyewe, hesabu na herufi zitatoka mdomoni na kuingia kichwani.

Mwongozo wa taifa wa kujifunza kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, uliotolewa mwaka 2005, unataka mtoto ajifunze kwa kucheza na kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo hatuvunji utaratibu wowote. Ugumu uko kwingine. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, huanzia darasa la kwanza, na ngazi ya awali imeachiwa watu binafsi, makanisa, misikiti na jamii. Mzazi analipa, na anayelipa hutaka kuona alichokinunua, na kwa wengi alama ya kununuliwa kwa elimu ni daftari lililojaa maandishi.

Njia tuliyoichagua ina chimbuko lake Roma. Tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori, aliyehitimu udaktari mwaka 1896, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, miongoni mwa familia za wafanyakazi maskini ambazo watoto wao walishinda peke yao wazazi wakiwa kazini. Alikuwa amekwisha kufanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, akitumia vifaa na mazoezi yaliyotokana na madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin. Nimemweleza mlezi mwenzangu habari hii kwa makusudi, kwa kuwa huku kwetu jina la Montessori huambatana na shule za ada kubwa za Kampala, hata mzazi wa Busia akilisikia hudhani ni jambo la matajiri, ilhali lilianza kwa watoto wanaofanana sana na hawa wetu.

Wiki ya 1

Fundi seremala wa mtaani ametutengenezea rafu mbili fupi zinazolingana na kifua cha mtoto, na kutokana na vipande vya msonobari vilivyobaki katika kazi zake ametukatia mnara wa michemraba kumi: mdogo kabisa una sentimita moja kila upande, mkubwa una sentimita kumi. Michemraba yote imepakwa rangi moja, ili jicho la mtoto lisipate tofauti nyingine ya kushika isipokuwa ukubwa. Vifaa vingine tumevikusanya wenyewe: vikombe na birika dogo, maharagwe ya njano na ya aina iitwayo nambale ya kuchambua, karanga za kubambua, ungo, fagio fupi, leso za kukunja, na mikeka ya mafunjo iliyokatwa katikati.

Mkeka una kazi maalumu. Mtoto akichukua kifaa rafuni anatandika mkeka wake, anafanya kazi juu yake, na hakuna mwenzake anayeruhusiwa kuukanyaga wala kugusa kilichopo bila kukaribishwa. Nilitarajia wiki nzima ya kulifundisha hili. Watoto wa mji wa mpakani walilielewa kwa asubuhi moja tu, na siku ya tatu nikamsikia mtoto wa topu akimwambia mwenzake, kwa sauti ya upole, kwamba hapa ni mpaka na aombe kwanza.

Makundi matatu tumeyafuta, wote wako pamoja, mkubwa na mdogo. Kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano asubuhi hakuna kengele, wala somo la wote, na uji haumlazimishi mtu kuacha kazi yake: kuna meza ya viti vinne, na mwenye njaa anakwenda, anakunywa, anaosha kikombe chake na kumpisha mwingine. Bibi hakuupenda mpango huu. Aliniambia, “Mwalimu, uji ukipoa si uji tena.” Siku iliyofuata alikuja na gunia, akaifunga sufuria kama anayemfunga mtoto mgongoni, na suala hilo likaishia hapo.

Wiki ya 2

Leo naandika kosa langu mwenyewe.

Kuna binti wa miaka minne ambaye mama yake huuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Siku mbili alikuwa amelizungukia birika bila kuligusa. Asubuhi ya tatu alilichukua, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye trei, akakaa, akaanza kumimina maji kikombe hadi kikombe. Ulimi ulikuwa umetokeza pembeni mwa mdomo, na kila alipofika nusu alisimamisha mkono, akainamisha kichwa hadi jicho likawa sawa na ukingo wa kikombe, akatazama, kisha akaongeza kidogo. Mara ya nne maji yalizidi, yakatambaa juu ya trei hadi sakafuni. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshapiga magoti na kitambaa mkononi, nikafuta, nikamwambia haidhuru. Binti aliweka birika chini, akavificha viganja vyake mapajani, akatazama mlango. Hakuligusa tena siku hiyo, wala siku mbili zilizofuata.

Sikumgombeza, lakini nilimnyang'anya. Kitambaa kilikuwa kimewekwa pale karibu na trei kwa ajili yake, nami nilikichukua kama changu. Mlezi mwenzangu aliyeona yote aliniambia jioni, tukipanga rafu, “Dada, mikono yako ina haraka kuliko yao.” Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi na kulibandika ndani ya mlango wa kabati, ambako ninaliona kila ninapochukua funguo.

Tumekubaliana kanuni kwa ajili yetu sisi watu wazima: kazi mpya inaonyeshwa mara moja tu, polepole, kwa maneno machache iwezekanavyo; kisha mlezi anarudi nyuma, anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na hanyanyuki ila mtoto ameomba au kuna hatari.

Wiki ya 3

Hatari ilikuja. Mtoto wa miaka mitatu alijitia haragwe puani. Lilitoka kwa kupiga chafya, tukashukuru, lakini sasa watoto wa umri huo wanachambua kokwa za parachichi na mabunzi ya mahindi, na maharagwe yamepandishwa rafu ya juu wasiyoifikia.

Wiki ya 5

Binti wa birika amerudi kwenye birika Jumanne, akamwaga, akafuta mwenyewe. Nilikuwa kwenye kigoda.

Jambo kubwa la wiki ni mnara. Mvulana wa miaka mitano, mkimya, ambaye kwa mtindo wa zamani tungesema hajui kitu kwa sababu haitikii pamoja na wenzake, amekuwa akiujenga kila siku. Jumatano aliufikisha juu, akauzunguka kwa magoti akiutazama pande zote nne, akaubomoa taratibu kipande kimoja kimoja, akaujenga upya, akaubomoa tena. Nilidhani anachezea. Mara ya tatu aliinua michemraba miwili ya katikati, akaiweka sakafuni sambamba, akapitisha kiganja juu yake kutoka mmoja kwenda mwingine, akaniita: “Mwalimu, hawa ni mapacha.” Nikaleta rula. Mmoja ulipaswa kuwa na sentimita saba na mwingine sita, lakini fundi alikata wa sita ukawa na sita na milimita nane. Tofauti ya milimita mbili! Mimi niliupokea mnara ule kwa fundi, nikaulipia na kuupaka rangi bila kuiona.

Vifaa hivi vimeundwa hivyo ili kosa liseme lenyewe. Mnara ukijengwa vibaya unaonekana vibaya, na mtoto hahitaji alama ya vyema wala ya kosa kutoka kwa mtu mwingine. Anarudi, anatafuta, anapanga upya. Kwa sababu hiyo kifaa kilichokatwa bila uangalifu ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwani kinamdanganya mtoto anayekiamini. Fundi amekubali kuukata upya bila malipo, na akaomba amwone huyo mvulana aliyemkagua. Alikuja Ijumaa, wakazungumza wawili hao juu ya msumeno kwa muda mrefu, na huyo ndiye mtoto tuliyemwita hajui kitu.

Wiki ya 6

Mkutano wa wazazi. Walikuja 21, idadi ambayo hatujawahi kuifikia, na sababu ni kwamba walikuwa wamekasirika. Mama mmoja alisimama akasema kwa heshima lakini bila kuficha: “Mwalimu, mimi silipi ada mwanangu aje kuosha vikombe. Vikombe viko nyumbani.” Wengi waliitikia. Baba mmoja, mwendesha boda boda, alieleza kwamba mtoto wa jirani yake, anayesoma kituo kingine, ana madaftari manne na kazi ya nyumbani kila jioni, na kwamba shule nyingi za msingi huwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Wa kwake ataulizwa nini, kufagia?

Sikuwa na haki ya kuyapuuza maneno hayo. Mzazi anayeendesha pikipiki kuvuka jua na vumbi ili alipe ada hastahili kuambiwa asubiri tu na kuamini. Badala ya kuhutubu tuliwaomba waketi mikekani. Tuliwapa kitambaa cha kujifunga macho, mfuko wenye vipande vya mbao vya maumbo mbalimbali, na tukawataka wavipange viwili viwili kwa kugusa. Yule mwendesha boda boda alifanya kazi hiyo kwa dakika nyingi kuliko wote, vidole vikizunguka kingo za kila kipande, na alipofungua macho na kukuta amekosea jozi moja hakutuuliza sisi. Alifunga macho tena, akaanza upya. Mlezi mwenzangu akamwambia, “Baba, hivyo ndivyo mwanao anavyofanya kila asubuhi.” Aliinamia vile vipande akanyamaza.

Nikawaeleza kuhusu vikombe. Mtoto anayekamua kitambaa, anayeshika shikio la birika, anayebambua karanga kwa vidole vitatu, anavipa nguvu vidole vilevile vitakavyoshika penseli, na anajifunza kuanza kazi, kuifuata kwa mpangilio na kuimaliza, jambo ambalo kunakili ubaoni hakumpi. Baadhi waliridhika. Yule mama wa vikombe hakuridhika, na amesema atampa mwanawe muhula huu mmoja tu. Namheshimu kwa kusema wazi.

Wiki ya 7

Masika yameanza. Alhamisi mvua ilipiga mabati kuanzia saa tatu hadi karibu saa nne na nusu, kwa kishindo ambacho hata mtu akikupigia kelele sikioni humsikii. Mwaka jana mvua kama hiyo ilimaanisha masomo yamekufa: mwalimu hasikiki, watoto hawaitikii, kinachofuata ni kusukumana na kulia. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa na wasiwasi wa zamani, kisha nikaona kwamba hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja alikuwa akikunja leso, wawili wakichambua maharagwe, wengine mnarani, wengine wakipanga fito za namba kuanzia ya sentimita kumi hadi ya mita moja. Kazi yao haikuwa imeungwa na sauti yangu, kwa hiyo sauti yangu ilipozimwa haikukatika. Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama saa nzima. Sikumbuki asubuhi nyingine katika kazi hii niliyoipenda kama ile.

Wiki ya 8

Herufi. Tulinunua msasa laini dukani, tukakata herufi ndogo, tukazigandisha juu ya vibao vya plaiwudi: irabu vibao vya buluu, konsonanti vibao vya waridi. Mtoto anaifuata herufi kwa vidole viwili kwa mwelekeo uleule wa kuiandika, huku akitamka sauti yake, si jina lake. Tunatumia somo la hatua tatu lililotoka kwa Séguin, ambalo ni fupi mno hata mlezi mgeni analishika kwa siku moja: hii ni a, hii ni m; nionyeshe a, nionyeshe m; hii ni nini? Mtoto akikwama hatua ya tatu hatumsahihishi, tunajua tu kwamba tumemkimbiza, nasi tunarudi siku nyingine.

Hapa Kiswahili kimetusaidia kuliko nilivyotarajia. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja, kwa hiyo mtoto aliyezijua irabu na konsonanti tatu tayari anaweza kuunda mama, maji, jina, meno kwa herufi za kukata, bila kuambiwa kwamba mara hii herufi inasomwa hivi na mara ile vile. Kisamia nacho huandikwa kwa kufuata sauti, na watoto wawili wameshaanza kuunda maneno ya nyumbani kwao bila sisi kuwafundisha. Tatizo letu ni sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja. Ch, sh na ny tumezitengenezea kibao kimoja kimoja, kila jozi ikiwa kitu kimoja, na zimeingia bila shida. Ng na ng' bado zinawachanganya, na kibao chetu cha ng' kina kialama kidogo mno ambacho kidole hakikihisi.

Wiki ya 9

Fito za namba nilizoziandaa kwa bidii zimeachwa. Watoto watano wa topu na mido wamechimba mashimo uani na wanacheza omweso, mchezo wa kete na mashimo unaofanana na bao, na nilikuwa nimeshanyanyuka kuwarudisha ndani nilipolikumbuka karatasi la kabatini. Nikakaa chini nikahesabu. Ubao wa omweso una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64 za mbegu. Kila mchezaji huanza na kete nne katika kila shimo la safu yake ya nyuma. Hawa wamechimba safu mbili tu za mashimo manne na wanatumia mawe, lakini wanapanga nne nne, wanachota, wanapanda moja moja shimo hadi shimo, na mwenzao akiruka shimo wanamkamata hapo hapo. Namba ninayoitafuta ndani ya rafu walikuwa nayo uani, kutoka kwa babu zao. Tumeagiza ubao kamili na kete zake.

Sambamba na hilo tumeweka sanduku la vijiti lenye vyumba kumi, sifuri hadi tisa, na vijiti 45, ambavyo ndiyo jumla ya moja hadi tisa. Chumba cha sifuri kilimsumbua sana binti wa birika. Alikaa mbele yake, mkono umejaa vijiti, akisubiri, kisha akaniuliza ni kiasi gani anachotaka huyu. Nikamwambia hataki kitu. Akafikiri, akapita, akaendelea hadi tisa, na alipofika hapo alikuwa na vijiti vinane. Akavitoa vyote, akaanza upya, vikabaki vinane. Mara ya tatu akainua mkeka wake, na kijiti kilikuwa chini yake.

Wiki ya 12

Muhula unafungwa kesho. Watoto sita wanaunda maneno kwa herufi za kukata, 11 wanaleta idadi sahihi ya vitu wakitumwa hadi kumi, na kuna wanne ambao bado wanahama kazi hadi kazi bila kutua. Kwao sijapata njia, na nitaanza nao. Yule mama wa vikombe amekuja kutuambia kwamba mwanawe amemnyang'anya ufagio nyumbani na sasa hupanga viatu vya familia kuanzia kikubwa hadi kidogo. Amelipia muhula wa pili, lakini anataka kuona jina la mtoto limeandikwa na mkono wa mtoto kabla ya mwisho wa mwaka, na tumekubaliana hivyo. Usaili wa darasa la kwanza bado uko mbele yetu.

Kwa muhula ujao tunahitaji kibao kipya cha ng', msasa mwingine, na kigoda cha pili, maana mlezi mwenzangu na mimi tumekuwa tukipokezana kimoja.

Leo mchana watoto wamefunga vifaa wenyewe katika leso. Wawili wa topu walipewa kazi ya kuhesabu kete za omweso, wakapata 61, wakahesabu tena, wakapata 61, wakatoka kwenda uani. Wamerudi na mbili. Moja haijapatikana, na mvulana wa mnara ameahidi kuleta mbegu nyingine kutoka kwao, ya ukubwa uleule; amechukua moja ya zetu mfukoni ili aende kuilinganisha.